Battle Beyond the Stars Si Filamu ya Kuchekwa

Kuna hukumu juu ya filamu za anga za gharama ndogo za miaka ya 1980 ambayo imezoeleka mno hata hakuna tena anayeidai ushahidi. Inasema kwamba filamu hizo ni mbovu, ila ubovu wake ndio utamu wake. Kwa hiyo namna ya kuzitazama ni kukusanyika usiku, kuyacheka maleba ya plastiki na vyombo vya anga vilivyoungwa kwa gundi, kisha kusahau yote kabla ya asubuhi. Hukumu hii ina historia. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Harry na Michael Medved, walichapisha kitabu cha kuwapa tuzo za kejeli waliodaiwa kuwa wabovu kuliko wote katika sinema, na humo Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood ikavishwa taji la filamu mbaya kupita zote. Mwaka uliofuata zikaanza tuzo za Golden Raspberry. Mwaka 1988 kituo kimoja cha televisheni cha Minneapolis kikaanzisha Mystery Science Theater 3000, kipindi ambacho mtangazaji na vikaragosi wake walizikejeli filamu za bei rahisi tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani ya muda usiofika miaka 10, kicheko cha mtu na rafiki zake kilikuwa kimegeuka desturi yenye vitabu, tuzo na ratiba.

Naipinga desturi hiyo, na nitaipinga kwa kushika filamu moja tu, Battle Beyond the Stars, kwa sababu utetezi wa jumla hauthibitishi kitu. Nimeichagua kwa kuwa ina kila kinachochekwa: bajeti finyu, hadithi iliyochukuliwa mahali pengine, waigizaji waliokuwa wameshapita kilele cha umaarufu wao, na kompyuta inayomkaripia nahodha kama shangazi mkali. Kosa la desturi ya kicheko ni moja, na mengine huzaliwa humo: inapima bei ya filamu, ikadhani imepima akili yake.

Tuanze na bei hiyo, maana hatuna haja ya kuificha. Filamu ilitoka mwaka 1980 chini ya New World Pictures, kampuni aliyoianzisha Roger Corman mwaka 1970. Gharama inayotajwa ni karibu dola milioni 2, na kwa Corman, aliyekuwa amezoea kutengeneza filamu nzima kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, huo ulikuwa ubadhirifu. Mwaka huohuo The Empire Strikes Back iligharimu zaidi ya milioni 18. Studio ya Corman ilikuwa Venice, California, ndani ya majengo yaliyokuwa zamani ghala la mbao. Walioshiriki kazi za studio hiyo wamesimulia jinsi vifungashio vya hamburger vilivyobandikwa ukutani na kupigwa rangi hadi vikawa kuta za korido za vyombo vya anga. Msimuliaji wa kisa hicho kwa kawaida husubiri watu wacheke. Lakini aliyewahi kushika kamera anaelewa kilichofanyika hapo: mtu aliona umbo linalojirudia, lenye kina na vivuli, linalopatikana kwa senti chache, akajua taa zikilipiga upande litaonekana chuma. Huo ni ujuzi wa macho, na fedha haziwezi kuununua kwa asiye nao.

Ujuzi huohuo umo katika vyombo vyenyewe. Katika vita vya mwishoni kila mpiganaji ana chombo cha umbo lake. Nell, chombo cha Shad, kijana aliye shujaa wa hadithi, kina mikunjo ya mwili wa mwanamke. Meli ya adui Sador ni pande kubwa lenye kichwa kilichotanda kulia na kushoto. Matokeo yake ni kwamba vita vinaposhika kasi, mtazamaji hapotei. Anamtambua kila mmoja kwa umbile lake gizani, anajua nani amebanwa na nani amekufa. Katika filamu nyingi za sasa zenye bajeti mara mia ya hiyo, vita vya anga ni mamia ya nukta zinazofanana zikipigana na nukta nyingine, na mtazamaji husubiri tu mwisho aambiwe nani ameshinda. Ufukara haukuwalazimisha watengenezaji wa Battle Beyond the Stars kufikiri vizuri hivyo. Ufukara huohuo uliwashinda wengine wengi. Walifikiri vizuri kwa sababu waliichukulia kazi yao kwa uzito. James Horner aliyetunga muziki alikuwa hajatimiza miaka 30, na anayeusikiliza leo hasikii dalili ya mtu anayelipua kazi: ni muziki wa okestra wenye tarumbeta za fahari na sehemu za utulivu, na mwangwi wake unasikika wazi katika muziki alioutunga miaka 2 baadaye kwa Star Trek II.

Hata hivyo ufundi si hoja yangu kubwa. Wapo wanaocheka ambao watakubali kwamba modeli zilitengenezwa kwa ustadi, kisha waendelee kudai kwamba hadithi ni ya kitoto. Hapo ndipo wanapokosea zaidi, na hapo nataka tukae kidogo. Sayari ya Akir inakaliwa na wakulima wanaofuata mafundisho yanayoitwa Varda, mafundisho ya amani. Sador anafika na silaha inayoweza kuiteketeza sayari nzima, anawapa muda wa kusalimu amri, anaondoka. Shad anatumwa kutafuta watu wa kuwapigania. Swali linalozaliwa hapo si dogo: watu ambao dini yao inakataza kumwaga damu wana haki ya kuwaita wengine waimwage kwa niaba yao? Filamu hailijibu kwa hotuba. Inalijibu kwa kutuonyesha sababu ya kila anayekubali kuja, na sababu hizo hazifanani hata mbili.

Cowboy, mchukuzi kutoka Dunia, ana shehena ya silaha ambayo haina tena wa kuipokea, kwa kuwa sayari ilikopelekwa imekwisha kuangamizwa na Sador. Anazitoa kwa wakulima na kuwafundisha kuzitumia. Cayman ni wa mwisho wa kabila lake. Sador aliwamaliza wengine wote, naye hana anachodai ila nafasi ya kulipiza. Saint-Exmin anatoka kwa watu wanaoiona vita kuwa ndiyo maisha yenyewe. Kelvin ni viumbe wawili wanaozungumza kwa joto la miili yao, na filamu inapata nafasi ya kuonyesha wengine wakiota joto hilo kwa furaha, pamoja na chakula kuchomwa juu yake. Nestor ni nafsi moja iliyomo katika miili mingi. Kwao kila mmoja anajua anachokijua mwenzake, hakuna habari mpya wala siri, na upweke wa kuwa mmoja tu umewachosha kiasi cha kuwatuma watano wakaone kitu tofauti, hata kama kitu hicho ni kifo. Hilo ni wazo la fasihi. Lingewekwa katika riwaya yenye jalada la heshima, wahakiki wangeliandikia insha.

Kisha yuko Gelt. Robert Vaughn anamwigiza kwa sauti ya chini, karibu bila kutikisa uso. Ni muuaji wa kulipwa aliyejipatia utajiri mkubwa kuliko anavyoweza kuutumia, na hawezi kuutumia kwa sababu kila mahali kuna anayemtafuta. Anaishi peke yake katika mahame. Shad hana fedha za kumlipa, na Gelt hazitaki. Anachoomba ni mlo na mahali pa kujificha. Anakufa vitani, na Waakira wanamzika pamoja na chakula walichomwahidi. Sikumbuki filamu nyingi za anga, za bei yoyote, zilizoeleza kwa ufupi kama huo maana ya kutimiza ahadi kwa mtu ambaye hawezi tena kukudai. Anayelicheka onyesho hilo kwa sababu ukuta ulio nyuma yake ni wa mbao na rangi hajaliona onyesho. Ameuona ukuta.

Hata adui amefikiriwa. Sador, anayeigizwa na John Saxon, hurefusha maisha yake kwa kung'oa viungo vya wengine na kujipachika. Utawala wake na mwili wake ni kitu kimoja: vyote vinaishi kwa kunyang'anya. Anapomteka mmoja wa Nestor na kuutwaa mkono wake, hajui kwamba mkono huo bado ni wa nafsi ileile iliyobaki nje. Nestor wengine wanauamuru umshambulie. Dhalimu anapigwa na kiungo alichokipora. Sijui njia bora ya kusema kwamba aliyetawaliwa hameng'enywi akaisha ndani ya mtawala, na filamu inalisema bila neno hata moja.

Mawazo haya hayakuanguka yenyewe. Mswada uliandikwa na John Sayles, ambaye katika miaka hiyohiyo alikuwa akitumia malipo ya kazi za Corman kutengeneza filamu yake ya kwanza, Return of the Secaucus 7, na ambaye mwaka 1987 alitoa Matewan, juu ya mgomo wa wachimba makaa wa West Virginia. Suala la jamii dhaifu inayolazimika kuamua itajilinda vipi ndilo lililomshughulisha maisha yake yote ya kazi, na Akir ni kituo kimoja katika safari hiyo. Mwongozaji, Jimmy T. Murakami, alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani, aliyefungiwa utotoni pamoja na familia yake katika kambi ya Tule Lake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka 6 baada ya Battle Beyond the Stars aliongoza When the Wind Blows, filamu ya katuni juu ya wazee wawili wa Uingereza wanaokufa polepole baada ya bomu la nyuklia. Sidai kwamba kila onyesho la Akir ni kumbukumbu ya kambi. Ninachodai ni kwamba mtu wa namna hiyo, akipewa hadithi ya kijiji cha amani kilicho chini ya silaha ya kuangamiza sayari, anastahili kudhaniwa kuwa alijua alichokuwa akikifanya.

Sasa pingamizi linalorudiwa kuliko yote: filamu hii ni nakala. Imeiiga Star Wars ya mwaka 1977, na hadithi yake imeazimwa kutoka The Magnificent Seven ya 1960, ambayo nayo iliichukua kutoka Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya 1954. Yote ni kweli. Watengenezaji hawakuficha: sayari ni Akir na watu wake ni Akira kwa heshima ya Kurosawa, na Vaughn alikuwa mmoja wa wale saba wa mwaka 1960. New World Pictures ndiyo iliyoisambaza Dersu Uzala ya Kurosawa huko Marekani, kama ilivyosambaza Amarcord ya Fellini. Corman aliijua sinema ya Japani kuliko wengi wanaomdharau. Na kama kuazima ni aibu, Star Wars haina pa kujificha, maana George Lucas mwenyewe amekiri deni lake kwa The Hidden Fortress, filamu nyingine ya Kurosawa, na alianza kuandika hadithi yake baada ya kuzikosa haki za Flash Gordon. Watazamaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa njia iliyo karibu zaidi, kupitia Sholay ya mwaka 1975. Kijiji kinachonyanyaswa na Gabbar Singh, na watu wa kukodiwa wanaokuja kukilinda, ni ndugu wa kijiji cha Kurosawa. Hakuna aliyetoka kuitazama Sholay akilalamika kwamba ameuziwa nakala. Na kama mtu anataka ushahidi wa zamani zaidi, Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, hakuvibuni visa vya vita na majeshi ya Herekali. Alivipokea kutoka masimulizi ya Kiarabu, akavitia katika mizani na vina vya lugha yake. Kazi ya msanii katika hadithi inayosafiri ni kile anachokiongeza. Nestor, Gelt mwenye kuomba mlo, Sador mwenye viungo vya wizi: haya ndiyo yaliyoongezwa, na hayamo katika Star Wars.

Kuna utetezi mwingine unaotolewa na watu wenye nia njema, nami naukataa vilevile. Wanasema filamu hii ina thamani kwa sababu ya waliopitia humo. Ni kweli kwamba James Cameron, aliyekuwa dereva wa lori muda mfupi kabla, aliajiriwa kutengeneza modeli na akapandishwa kusimamia usanifu wa mandhari mwenye kazi alipofukuzwa. Ni kweli kwamba Gale Anne Hurd, mtayarishaji wa The Terminator ya 1984, alikuwa katika timu ya uzalishaji, na kwamba Horner na Cameron walikutana tena kwenye Aliens na Titanic. Lakini utetezi huu unaifanya filamu kuwa kizingiti cha kukanyaga ukielekea kwenye nyumba ya tajiri. Hauisifu kazi, unasifu vyeo vilivyopatikana baadaye. Maana yake ni kwamba kama Cameron angerudi kuendesha lori, onyesho la mazishi ya Gelt lingekuwa baya. Huo si uhakiki. Kipimo cha bei kimerudi tu kwa mlango wa nyuma, na safari hii kinaitwa mafanikio.

Sitadai kwamba filamu haina makosa. Saint-Exmin ameandikwa kwa namna ya kuvutia, kisha kamera inamdhalilisha. Vazi la Sybil Danning, anayemwigiza, ni la bango la tangazo. Richard Thomas anamfanya Shad kuwa mpole hata pale hadithi inapomtaka awe ameguswa na hatari. Mazungumzo ya mapenzi kati yake na Nanelia, msichana anayempenda katika hadithi, hayana moto. Baadaye studio ilichukua vipande vya vita na muziki huu ikavitumia tena katika Space Raiders ya 1983, na kurudia huko kumechangia watu kuiona filamu yenyewe kama stoo ya vipuri. Tena wapo wanaosema kwamba kuisifu studio ya Corman ni kuusifu unyonyaji wa vijana waliolipwa kidogo na kufanya kazi usiku na mchana. Pingamizi hilo nalikubali kabisa. Vijana wale walistahili malipo zaidi. Lakini anayejali jasho lao ana sababu mbili za kutolicheka, kwa sababu wakinyimwa malipo na kisha wakinyimwa heshima ya kazi waliyoifanya, wamedhulumiwa mara mbili. Makosa haya yote ni ya kuhukumiwa kama makosa ya filamu yoyote: moja moja, kwa sababu zake. Kicheko cha jumla hakifanyi hivyo. Kinaliweka vazi la Danning na mazishi ya Gelt katika kapu moja.

Litabaki pingamizi la mwisho, kwamba ninalifanya jambo jepesi kuwa zito. Watu wanacheka tu, wameumiza nani? Wameumiza. Mazoea ya kutazama kwa kejeli hayaishii kwenye filamu za California. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, kwa bunduki zilizoundwa na mafundi wa mtaa kutokana na vyuma chakavu. Nabwana anajua kuchekesha, na maneno ya VJ Emmie, msimuliaji anayetia utani juu ya picha, yamewekwa humo makusudi. Kicheko alichokiandaa mwenyewe ni sehemu ya ufundi wake. Lakini wengi nje ya Uganda walioipokea filamu hiyo waliileta kwenye meza ileile ya takataka tamu, wakacheka ufukara, na hawakuuliza mtu huyu amepangaje mapigano yake hadi yakaeleweka. Filamu za Bongo nazo zimeonja hukumu hiyo kwa miaka mingi, kutoka kwa watu wetu wenyewe. Sauti mbovu ni kosa, na isemwe. Lakini mtu anapoisikia sauti mbovu dakika ya tatu akakata shauri kwamba mwandishi hana akili, amefanya kosa lilelile linalofanywa na wanaocheka Battle Beyond the Stars, na msanii wa Sinza, Dar es Salaam, au Wakaliga hana dola milioni 2 za kumjibu.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wanaopenda sinema, na zaidi wanaoandika juu yake, waiache desturi hii. Itafute Battle Beyond the Stars uitazame hadi mwisho bila kundi la kuikejeli. Mfuatilie kila mpiganaji aliyekubali kwenda Akir, ujue alikwenda kwa sababu gani na alikufa vipi. Ukimaliza ukaona ni mbaya, andika hivyo na utaje onyesho lililokuudhi na kilichokosewa humo. Ukiona ni nzuri, isifu kwa maneno yaleyale unayoyatumia kwa filamu za dola milioni 200, bila kuongeza kwamba ni nzuri kwa filamu ya bei nafuu.